Raundi Nane Bila Sauti

Mjomba wangu ni fundi wa vioo. Karakana yake ni chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na vioo vimesimamishwa ukutani, vikubwa nyuma na vidogo mbele. Hukata kwa kikatio chenye gurudumu dogo kuliko punje ya dengu. Anapitisha mstari mmoja, harudii, kisha anagonga kwa chini na kioo kinaachana chenyewe. Ukirudia mstari, anasema, umeharibu. Kioo hakimpendi mtu mwenye wasiwasi.

Kazi ikiisha hukibeba mwenyewe hadi kwa mteja, kwa miguu, ukingo wa chini ukiwa kwenye kitambaa kiganjani na wa juu kwapani. Hupita hivyo katikati ya watu saa sita mchana bila kusema nipisheni, na sijapata kuona mtu akimgusa. Bega linashuka kidogo, mguu unachepuka nusu hatua, basi, amekwishapita. Marehemu mama yangu, dada yake, alikuwa akisema kwamba kaka yake hata mvua humkosa.

Zamani alikuwa bondia wa uzito wa juu. Ukimwona leo hutaamini, na hata wakati ule watu hawakuamini. Siku aliyokula vizuri alifika kilo themanini na mbili, nao wenzake wa daraja hilo walikuwa watu wa kilo mia na ushei, wenye shingo zilizokataa kola. Angejinyima wiki mbili angeshuka daraja akapigana na wa kimo chake. Alikataa. Mwalimu wake alipomsihi alimjibu kwamba haoni faida ya kushinda njaa ili apigwe na mtu wa saizi yake, ilhali anaweza kushiba na asipigwe na mtu mkubwa.

Na hakupigwa. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, maana sijapata kuona mahali lilipoandikwa.

Hakuwa mtu wa kukimbia ulingoni. Wanaokimbia wanaonekana waoga na wanachoka mapema. Yeye alisimama pale pale mbele ya mwenzake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, kidevu kimejificha nyuma ya bega la kushoto, mkono wa kulia umeegemea shavu kama mtu anayeumwa jino. Konde likija hakuruka. Alizungusha bega, konde likateleza. Likija la pili alilipokea kwenye kiwiko au kwenye mkono wa mbele. La tatu lilipita pale kichwa chake kilipokuwa. Hapo, wakati jitu limeelemea mbele kwa uzito wake lenyewe, aliligusa kwa ngumi moja fupi ya kushoto, akarudi kwenye kibanda chake, nyuma ya bega.

Watazamaji hawakulipenda jambo hilo. Alipopanda ulingoni nusu ya ukumbi ilitoka kwenda kununua maji. Waliobaki walimuuliza kwa sauti kama amekuja kucheza dansi, na mmoja aliwahi kumshauri amrudishe mwenzake salama kwa mama yake maana wamekwishazoeana. Mtu aliyekata tiketi ya ngumi anataka kuona zinafika. Alipigana mara ishirini na tatu hivyo hivyo na kushinda kumi na tisa, zote kwa alama, na sidhani kama kuna aliyetoka ukumbini akasimulia chochote.

Pambano lake la mwisho lilikuwa la mkanda, raundi nane, dhidi ya mtu waliyemwita Nyundo. Nilikuwa na miaka kumi. Lilikuwa Jumamosi alasiri, sisi tuko sebuleni kwetu tumeizunguka redio, mama yangu na mkaza mjomba wamekaa kwenye kiti kimoja kana kwamba hakuna vingine. Mtangazaji alikuwa na koo la shaba. Alituambia Nyundo anashusha, anashusha tena, mbavuni, kichwani, na nyuma ya maneno yake tuliyasikia makonde yenyewe, pa, pa, na ukumbi ukinguruma kwa kila moja. Raundi ya sita mkaza mjomba alitoka nje akasimama uani. Majaji wote watatu walimpa Nyundo.

Jua linazama mjomba akarudi. Sote tulikuwa mlangoni, maji ya moto yapo tayari, na kitambaa, na dawa ya vidonda. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kunyolewa. Mikono tu ndiyo iliyovimba, kuanzia kifundo hadi kiwiko.

Watu walijumlisha wenyewe wakapata jibu lao. Redio imesema kapigwa raundi nane. Uso hauna hata mkwaruzo. Basi ameuza pambano, walipatana na Nyundo wapigane ngumi za mchezo. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Hakuna aliyefikiria kwamba labda redio ndiyo iliyokosea. Mjomba hakubisha. Hakupanda ulingoni tena, akajifunza vioo. Mkewe alimwamini bila kumuuliza, na miaka kumi na miwili iliyopita alikufa akiwa bado anamwamini, na tangu hapo hakujatokea wa pili. Watoto hawakujaliwa. Mimi humtembelea Jumapili. Nami naishi peke yangu, kwa hiyo Jumapili zetu hazina haraka. Mara nyingine nafika, tunakula, naosha vyombo, naondoka, na njiani nakumbuka kwamba hatukuzungumza.

Mwaka jana, hata hivyo, Jumapili moja alizungumza. Mwalimu wa klabu ya ngumi amefariki, akasema, wanatafuta mwingine. Alikuwa ameandika barua. Alinionyesha nakala yake, mistari minne, imeandikwa kwa mwandiko wa mtu anayepima kabla ya kuandika. Kisha akasimama katikati ya karakana akanieleza angeanzia wapi: miguu, miezi mitatu ya miguu tu, hakuna glavu. Siku hizi wanawafundisha kupiga, akasema, na kichwa wanakiacha kama kibuyu kilichowekwa juani. Ana miaka sitini na sita, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaka kitu.

Katibu wa klabu alimjibu kwa heshima. Kamati itakaa baada ya wiki tatu, Jumapili. Yeye mwenyewe hana neno, lakini wajumbe wanauliza tutamkabidhije watoto wa watu mtu aliyeuza pambano. Mjomba alinisimulia hayo huku akifuta kioo kilichokwisha kuwa safi.

Mimi nafanya kazi kwenye hifadhi ya picha za zamani. Tuna chumba kilichojaa makopo ya filamu, na kazi yangu ni kuyafungua moja moja, kusafisha, na kuzihamishia filamu kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Makopo hayana mpangilio. Unafungua kopo lililoandikwa ufunguzi wa daraja unakuta mashindano ya ng'ombe. Nilikuwa nimepitisha miaka kumi na minane mle ndani bila kulitafuta pambano lile, sijui kwa nini. Labda sikutaka kumwona akipigwa. Sasa nilitafuta. Siku ya tisa nikayapata makopo matatu nyuma ya kabati, na ndani yake raundi zote nane. Sauti ilirekodiwa kwenye utepe wa pembeni, kama ilivyokuwa desturi, na utepe haukuwepo.

Nilikaa nikaitazama kimya. Nilisubiri aanze kupigwa. Raundi ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, nikadhani macho yangu ndiyo yenye hitilafu, nikarudisha nyuma nikaipunguza mwendo.

Nyundo alikuwa anapiga mikono. Anapiga viwiko, mabega, glavu, hewa. Kila konde lilipotua juu ya mkono wa mjomba niliwaona watu wa mstari wa kwanza wakirusha mikono juu, na hapo nikaelewa tulichokisikia redioni. Konde likifika mbavuni halina mlio mkubwa, nyama hulimeza. Likitua juu ya glavu, ngozi kwa ngozi, hulia kama mlango uliosukumwa na upepo. Mtangazaji alikaa nyuma ya watu, majaji wawili kati ya watatu walikuwa upande wa mgongo wa Nyundo. Waliihesabu milio. Nami nikahesabu kwa macho, kwa penseli, siku mbili: makonde ya Nyundo mia mbili na arobaini na saba, yaliyofika tisa. Ngumi fupi za mjomba, ambazo hazikulia hata moja, sitini na tatu.

Katika raundi ya tano kuna kipande cha sekunde kama ishirini ambapo amebanwa kwenye kona. Nyundo anarusha makonde kumi na manne. Mjomba haondoi miguu. Ni kiuno tu na mabega, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kulalia, na hakuna moja linalomfikia. La mwisho linapopita, Nyundo anajishika kwenye kamba asianguke, na mjomba anamshika kiwiko, anamsaidia kusimama, kabla ya kujikunja tena. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilitamani awepo mtu nimpige kikumbo nimwambie, umeona?

Nilimpelekea mjomba habari kabla ya Jumapili kufika. Aliuliza kama picha ina sauti. Nikasema haina. Akasema afadhali. Hakuomba kuiona.

Katibu aliniambia ukweli wake. Picha isiyo na sauti, mama, kila mtu ataona alilokuja nalo. Lakini Nyundo ni mlezi wa klabu, na kamati nzima ina watu aliowafundisha kufunga glavu. Neno moja kutoka kwake, kwamba siku ile hakumpata na hapakuwa na mapatano, na shauri limekwisha.

Kwa hiyo Jumamosi, siku moja kabla ya kikao, tulikwenda nyumbani kwa Nyundo, mimi na kompyuta yangu kwapani, mjomba amevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama. Njia nzima alikuwa akifungua na kufunga kiganja.

Mke wa Nyundo alitupokea. Alimtambua mjomba papo hapo, akamwita shemeji, akamtania kwamba uso bado haujakunjana, bila shaka anaukinga hata na uzee. Kisha akateremsha sauti akasema mumewe siku nyingine yupo, siku nyingine hayupo, na leo yupo kidogo.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Mwili ulikuwa bado mkubwa lakini umewekwa tu, kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua. Mikono ilitetemeka juu ya magoti. Yale aliyoyapokea kichwani miaka yote, maana yeye alikuwa bondia wa kusonga mbele, yalikuwa yamekuja kudai. Alitukaribisha vizuri. Alimuuliza mjomba kama ndiye fundi wa bomba.

"Mimi ni wa vioo, bingwa," mjomba akasema.

Kwa neno bingwa uso wake ulifunguka. Akaanza kutusimulia lile pambano. Alilisimulia bila kukwama, yeye ambaye alikuwa ametafuta neno "kikombe" kwa dakika nzima. Jamaa alikuwa mdogo, akasema, lakini mgumu. Alimshushia mvua, mkono wa kulia, wa kushoto, mpaka yeye mwenyewe mikono ikafa ganzi, ukumbi mzima umesimama, na mwisho mwamuzi akaunyanyua mkono wake. Aliunyanyua mkono kutuonyesha. Kwa muda ule mmoja haukutetemeka.

Mkewe alisimama mlangoni na sinia ya chai. Alitueleza, kama anayesema habari ya hali ya hewa, kwamba majina ya watoto yamekwenda, siku ya harusi imekwenda, lakini hilo humsimulia yeye mkewe kila asubuhi akishaosha uso. "Likiondoka na hilo," akasema, "sijui nitakuwa naamka na nani."

Nilikuwa nimekwishafungua kompyuta mapajani. Picha ilikuwa tayari, raundi ya tano, Nyundo kijana amejishika kwenye kamba. Ilibaki niigeuze tu. Nilimtazama mjomba anipe ishara, naye akanyoosha mkono polepole, mkono ule wenye makovu madogo meupe ya vioo, akauweka juu ya kifuniko.

"Ifunge, mwanangu."

Niliifunga. Nyundo alikuwa amemkazia macho, kama mtu anayemwona mwingine kwa mbali barabarani.

"Wewe ulikuwepo siku ile?" akamuuliza.

"Nilikuwepo."

"Nilimpiga, au sikumpiga?"

Niliona bega la kushoto la mjomba likishuka kidogo.

"Kila ngumi yako ukumbi mzima uliisikia, bingwa," akasema. "Mimi mpaka leo nazisikia."

Nyundo aliegemea nyuma akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. Tukanywa chai.

Barabarani nilimkasirikia. Nilimwambia mambo ambayo mpwa hamwambii mjomba wake: kwamba miaka thelathini na mitano ya kusemwa haikumtosha, kwamba wale vijana watapasuliwa vichwa kwa sababu yeye ameona haya, kwamba adabu nyingine ni woga uliovishwa kanzu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Tulikuwa tumesimama mbele ya duka lililofungwa.

"Raundi nane hakuniumiza," akasema. "Nami nimpige leo, amekaa kwenye kiti?"

Usiniambie alikuwa sahihi kabisa. Wale vijana wapo, na vichwa vyao vipo.

Kamati ilikaa Jumapili saa tisa mchana. Mjomba alikwenda, akaketi kwenye benchi la nje mpaka alipoitwa. Katibu alimuuliza kama ameleta lolote. Akasema hakuleta. Walimshukuru kwa nia yake. Nafasi wakampa bondia mmoja aliyestaafu juzi tu, kijana mzuri, ambaye meno ya mbele hana. Mjomba alimpa mkono wa pongezi, akarudi nyumbani, na nilipofika jioni nikamkuta amekata vioo vya madirisha manne ambayo hakuna mteja aliyekuwa ameyaagiza. Alikosea vipimo, au aliamua tu. Vilikuwa vimesimama ukutani, vyote sawasawa.

Baada ya hapo tulikaa miezi miwili tukila na kuosha vyombo.

Alikuja kazini kwangu siku ya katikati ya juma, baada ya chakula cha mchana, bila kunijulisha. Mlinzi alinipigia simu kusema kuna mzee chini anayesema ni mjomba wangu na hataki kukaa. Nilimleta hadi chumba cha makopo, nikamfutia kiti. Alitazama huku na huku, akasifu ukimya. Kisha akasema, kama aliyekuwa akipita tu, kwamba angependa kuiona ile.

Nilimwekea kuanzia mwanzo. Sikuitazama picha, naijua, nilimtazama yeye. Raundi nne hakubadilika uso, alikuwa kama anayesoma hati ya mtu mwingine. Raundi ya tano ilipofika kwenye kona alisogeza kiti mbele. Mabega yake yalianza kwenda. Madogo sana, ndani ya shati, lakini yalikwenda yote kumi na manne.

Picha ilipoisha alikaa na kioo cheusi mbele yake.

"Nilikuwa mzuri," akasema.

"Ulikuwa mzuri, mjomba."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama fundi aliyeonyeshwa kazi yake ya zamani akaikuta haijalegea. Nilidhani atalia, nikageuka nijishughulishe na kopo. Hakulia. Alisema konde la kumi na moja lilikuwa limpate, mguu wa kushoto ulichelewa, je niliona? Nikasema sikuona. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha, bado sikuona.

"Simama," akasema.

Nilisimama kati ya makabati, mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyevaa viatu vya kazini. Aliniambia nivivue. Alinishika bega akaligeuza, akanisukuma kisigino kwa ncha ya kiatu chake, akaniinamisha kidevu kwa kidole kimoja. Akarudi hatua mbili, akaleta ngumi kuelekea usoni mwangu, polepole sana, nami nikafumba macho, nayo ikatua shavuni, kavu, nyepesi.

"Usifumbe," akasema. "Itazame mpaka ipite. Tena."